Sura ya 4: Kabati la Mwalimu Mkuu

Mtoto aliyeingia Darasa la Kwanza nchini Kenya Januari 2014 alikuwa ameahidiwa kompyuta. Ahadi hiyo iliandikwa kwenye manifesto ya muungano wa Jubilee kabla ya uchaguzi wa Machi 2013. Uhuru Kenyatta aliirudia alipoapishwa kuwa rais mwezi uliofuata, na Juni ikatengewa fungu katika bajeti: zaidi ya Sh17 bilioni za vifaa, maudhui ya kidijitali na mafunzo ya walimu. Mijini na vijijini mradi ulijulikana kwa neno moja tu, laptopu.

Laptopu hazikuja Januari ile. Hazikuja Januari iliyofuata, wala ile ya baada yake.

Walimu nao hawakukaa kimya. Bajeti ile ilisomwa Juni, na kabla mwezi haujaisha walimu wa shule za umma waliweka chaki chini. Walikuwa wakidai marupurupu yaliyokubaliwa tangu mwaka 1997, miaka 16 nyuma. Mgomo ulidumu zaidi ya wiki tatu, na katika mikutano yao swali lilikuwa moja: serikali isiyo na pesa ya kumlipa mwalimu imezipata wapi za kumnunulia mtoto wa miaka sita kompyuta? Wapo waliowaona kama watu wanaoogopa mashine. Ukiyasikiliza madai yao leo, unasikia watu waliokuwa wanaijua shule kutoka ndani, wakiuliza nani ataishika mashine hiyo mkononi saa mbili asubuhi mbele ya darasa.

Kilichoukwamisha mradi mwanzoni kilikuwa zabuni, si walimu. Mapema mwaka 2014 kampuni moja ya India ilishinda kandarasi ya Sh24.6 bilioni. Washindani wake wakapeleka malalamiko, na bodi inayopitia maamuzi ya ununuzi wa umma ikaifuta. Mambo yakarudi mwanzo. Mpango uliofufuliwa baadaye ulikuwa na sura nyingine kabisa. Usimamizi ulihamia upande wa wizara inayoshughulikia TEHAMA, vipakatalishi vya watoto vikageuka vishikwambi, na kazi ikagawiwa vyuo vikuu viwili vilivyoungana na watengenezaji wa nje: Chuo Kikuu cha Moi pamoja na kampuni ya Kireno, na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta pamoja na kampuni yenye mizizi Brazil na Argentina. Mwaka 2016 majaribio yalianza katika shule 150. Kisha mwendo ukabadilika. Katika muda wa miaka mitatu hivi, malori yalifikisha zaidi ya vifaa milioni 1 katika shule zaidi ya 20,000, kuanzia Kwale hadi Turkana.

Hilo ni jambo kubwa na halifai kupuuzwa. Kuna faida nyingine ambayo wakosoaji wengi wa mradi huu huisahau. Kifaa kinataka chaji, na mwaka 2013 maelfu ya shule za msingi hazikuwa na umeme. Kwa sababu ya laptopu, Mamlaka ya Usambazaji Umeme Vijijini iliamriwa kuzifikia shule zote za msingi za umma, kwa nguzo na nyaya palipowezekana, kwa paneli za sola palipokuwa mbali na gridi. Leo ukipita usiku kando ya shule ya kijijini na kuona taa ya mlinzi inawaka, au wanafunzi wakisoma alfajiri kabla ya kengele, kuna uwezekano mkubwa kwamba waya huo uliingia shuleni humo kwa ajili ya kifaa ambacho sasa kimefungiwa kabatini.

Sura hii inahusu kabati hilo.

Kila shule ilipokea vishikwambi vya wanafunzi, seva ndogo ya maudhui yenye kusambaza mawimbi darasani, projekta, na vipakatalishi 2 vya walimu. Viwili kwa shule nzima. Shule 20,000 ni vipakatalishi 40,000 hivi, na walimu wa shule za msingi za umma walikuwa zaidi ya 200,000. Hesabu hiyo mtoto wa Darasa la Nne anaweza kuipiga: kati ya walimu watano, mmoja ndiye aliyewekewa chombo cha kuandalia somo. Wengine wanne walitakiwa kufundisha kwa kifaa ambacho hawakuwa nacho, kwa kukitazama juu ya meza ya mwenzao.

Ili kuelewa kinachofuata, inafaa kuliangalia somo lenyewe kwa karibu, hatua kwa hatua, kama linavyokwenda katika shule ya kawaida yenye watoto 60 darasani. Kipindi cha darasa la chini ni dakika 30. Mwalimu anakwenda ofisini kwa mwalimu mkuu kuomba funguo. Chumba cha vifaa kina mlango wa chuma na nondo dirishani, kwa maana shule iliagizwa kuwa na mahali salama kabla ya kupewa chochote. Anatia sahihi kwenye daftari, anahesabu vishikwambi, anavipanga ndani ya katoni, na wavulana wawili wanamsaidia kubeba. Darasani anagundua kwamba vinane havina chaji. Watoto wanagawana, watatu kwa kimoja. Kimoja kinauliza nenosiri ambalo hakuna anayelikumbuka. Kingine kimekwama kwenye ukurasa wa kuwasha, na mtoto aliyekishika anakitikisa kama redio ya babu. Mwalimu anainama, anabonyeza, anasubiri. Nyuma kelele zimeanza. Kufikia watoto wote wanapoona picha ileile ya ng'ombe na neno "ng'ombe" chini yake, dakika 17 zimekwisha, na ikibidi vifaa virudi kabatini vimehesabiwa kabla ya kengele, zimebaki dakika saba au nane za kufundisha.

Mwalimu huyo, wiki ijayo, atachukua chaki. Hakuna haja ya kumwita mvivu. Amepiga hesabu ya dakika.

Dawa ya hali hiyo inajulikana, na ni mafunzo. Mafunzo ya semina yenye chai na cheti hayatoshi. Mwalimu anahitaji kukaa na kifaa mpaka vidole vizoee, apewe mtu wa kumpigia simu kinapokwama, aone mwenzake akikifundishia somo zima na akifaulu. Serikali ya Kenya ilifundisha makumi ya maelfu ya walimu, na hilo ni kweli. Tatizo ni njia iliyotumika, ambayo hutumika karibu kila mahali pesa zinapokuwa chache: wakufunzi wa kitaifa wanawafundisha wakufunzi wa kaunti, hao wanawafundisha walimu wachache kwa kila shule kwa siku chache, na walimu hao wachache wanatarajiwa kurudi na kuwafundisha wenzao. Ni kubeba maji kwa pakacha. Kilichojaa Nairobi kinafika kikiwa matone.

Hata matone hayo hayakubaki palepale. Mwaka 2018 Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) ilianza kuhamisha walimu wakuu kutoka kaunti zao za nyumbani. Wizara ya mambo ya TEHAMA iligawa vifaa, Wizara ya Elimu ikasimamia shule, tume ikahamisha watu, na kila mmoja alikuwa na sababu zake za haki. Lakini aliyefundishwa kuiwasha seva ya shule moja ya Nyeri akijikuta Kajiado, funguo aliziacha kwa mtu ambaye hakuwahi kuhudhuria semina.

Kwa nini basi pesa hukimbilia vifaa? Jibu la haraka ni kwamba kifaa hupigwa picha. Kipo kitu kingine kinachofanya kazi kimyakimya zaidi, nacho ni namna bajeti zetu zinavyoandikwa. Nchini Kenya na Tanzania pia, fedha za serikali zimegawanywa katika vyumba viwili: matumizi ya kawaida na matumizi ya maendeleo. Kununua kishikwambi ni maendeleo. Kumlipa mwalimu nauli na posho akajifunze kukitumia, mwaka huu, mwakani na mwaka wa keshokutwa, ni matumizi ya kawaida. Chumba cha maendeleo ndicho kinachosifiwa bungeni na ndicho wafadhili hupenda kuingia. Chumba cha kawaida ndicho kila waziri wa fedha huahidi kukibana.

Tena kuna kalenda. Mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni. Fungu ambalo halijatumika linarudi hazina, kwa hiyo Mei na Juni ni miezi ya kununua mbiombio. Zabuni inaweza kuharakishwa, na lori linaweza kusafiri usiku. Mwalimu hapatikani kwa mtindo huo. Anapatikana kwa mafunzo wakati wa likizo, na likizo nchini Kenya huangukia Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Pesa ya mafunzo ikitoka Juni inamkuta darasani. Anayepanga bajeti ya TEHAMA bila kuweka kalenda ya shule mezani ameshapanga mafunzo yasifanyike.

Maudhui nayo yalipatwa na msiba wake. Mwaka 2016 masomo yaliyowekwa ndani ya vishikwambi, kazi ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD), yaliandaliwa wakati mfumo wa elimu wa 8-4-4 ukiwa ndio unaotumika. Januari 2019 mtaala mpya wa umilisi ulianza rasmi nchi nzima katika madarasa ya chini, yaleyale yaliyopewa vishikwambi. Mtaala huo unauhesabu ujuzi wa kidijitali miongoni mwa stadi saba za msingi, kwa hiyo kwenye karatasi vifaa vilikuwa vimepata kazi yao halisi. Darasani, mwalimu wa Gredi ya 1 alikuwa akijifunza mtaala mpya kwa semina za siku chache wakati wa likizo, huku kishikwambi alichokabidhiwa kikiwa bado na hadithi za mtaala wa zamani.

Mwaka huohuo serikali ilianza kuzungumzia maabara za kompyuta badala ya kifaa kwa kila mtoto. Halafu ikaja Machi 2020. Shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na watoto wengi hawakurudi madarasani mpaka Januari 2021. Kwa muda wa miezi tisa taifa lililokuwa limenunua vifaa zaidi ya milioni 1 vya kujifunzia liliwafundisha watoto wake kwa redio, televisheni na simu za wazazi. Vishikwambi vilikuwa mali ya shule. Sehemu kubwa vilikaa vilipokuwa, nyuma ya mlango wa chuma. Hakuna aliyevunja sheria kwa kuvifungia. Mpango tangu mwanzo haukuwa na mahali palipoandikwa kwamba mwalimu anaweza kumkopesha mtoto kifaa na kumfuatilia nyumbani, na ambalo halikufundishwa wakati wa amani haliwezi kubuniwa siku ya dharura.

Mwaka 2021 mambo yaligeuka kwa namna iliyowauma walimu zaidi. TSC ilizindua mafunzo endelevu ya lazima yenye kufungamana na leseni ya kufundisha, na mwalimu akaambiwa agharamie mwenyewe, Sh6,000 kwa mwaka. Vyama vya walimu vilipinga, na vilikuwa na haki ya kupinga. Jopo la rais lililoundwa kuangalia mageuzi ya elimu lilipotoa ripoti mwaka 2023, lilipendekeza serikali ndiyo ibebe gharama hizo. Hebu fikiria mwalimu aliyeshuhudia mabilioni yakipita mlangoni pake kwa malori, kisha anaambiwa kwamba kujifunza ni juu ya mfuko wake. Mafunzo hayo yalikuwa mapana kuliko TEHAMA, lakini ujumbe alioupokea ulikuwa mmoja: kifaa ni cha serikali, maarifa ni yako.

Kenya haikuwa ya kwanza kupita njia hii. Nchi ya Peru ilikuwa imetangulia, na mtu yeyote aliyetaka kujifunza angeweza kusoma matokeo yake kabla ya manifesto ya 2013 kuchapishwa. Serikali ya Peru ilinunua zaidi ya kompyuta ndogo 800,000 chini ya mpango ulioanzishwa Marekani wa kumpa kila mtoto kompyuta moja. Watafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika walifuatilia shule 319 za vijijini na kutoa ripoti mwaka 2012. Idadi ya kompyuta kwa mwanafunzi iliongezeka karibu mara kumi. Alama za hesabu na lugha hazikusogea. Watoto walipata dalili fulani za wepesi wa kufikiri, na wakajua kuitumia mashine, lakini somo lilibaki kufundishwa kama jana. Walimu walikuwa wamepewa mafunzo mafupi, na muda wa kompyuta darasani ulikuwa ukipungua kadiri miezi ilivyokwenda.

Tanzania ilifika kwa mlango mwingine, na kwa sehemu ulikuwa mlango wa bahati. Agosti 2022 nchi ilifanya Sensa ya Watu na Makazi, na makarani walihesabu kwa vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Sensa ilipokwisha serikali ikaamua vifaa hivyo viende kwenye elimu, na Novemba mwaka huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizindua ugawaji wa vishikwambi 293,400. Havikupewa watoto. Vilipewa walimu wa Bara na Visiwani, pamoja na wathibiti ubora na maofisa elimu. Kwa mara moja mpangilio ulipinduka: aliyeanza kushika kifaa ni yule anayefundisha.

Haikuwa mara ya kwanza Tanzania kuanza na mwalimu. Kuanzia mwaka 2005, kwa msaada wa Sweden, vyuo vyote vya ualimu vya serikali, ambavyo wakati huo vilikuwa 34, viliwekewa kompyuta na wakufunzi wao kufundishwa. Hoja ilikuwa nyepesi kuieleza: mwalimu aliyejifunza kompyuta chuoni anafika shuleni akiijua tayari, na anakaa kazini miaka 30. Hoja hiyo haina picha nzuri ya gazeti. Matunda yake huonekana taratibu, baada ya waziri aliyetia sahihi kuondoka.

Kishikwambi cha mwalimu kimepata pia mahali pa kukaa. Taasisi ya Elimu Tanzania inaendesha utaratibu uitwao MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambapo walimu hukutana shuleni kwao, katika jumuiya za ujifunzaji, wakisoma moduli zilizowekwa mtandaoni na kuzijadili wao kwa wao. Mafunzo yanafanyika shuleni palepale mwalimu alipo, na akihamishwa anakuta jumuiya nyingine ya aina hiyohiyo aendako. Kwa upande wake Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaopata sehemu ya fedha zake kutoka kwa tozo za kampuni za mawasiliano, umekuwa ukipeleka kompyuta katika shule za umma na kuwaita walimu kwenye vyuo vikuu kujifunza TEHAMA. Kitu kimoja katika mafunzo hayo kinastahili kusifiwa kuliko vyote: walimu hufundishwa pia kuifungua mashine na kuitengeneza. Shule iliyo kilomita 80 kutoka kwa fundi wa karibu haihitaji kitu kingine zaidi ya mtu mmoja asiyeogopa bisibisi.

Hata hivyo huko nako ndoo inavuja. Kishikwambi bila bando ni ubao wa kioo. Kugawa kifaa kulikuwa tukio la siku moja, ila bando ni la kila wiki, na ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi nchini Tanzania ni Sh10,000 kwa mwaka, ambazo tayari zinagombaniwa na chaki, mitihani na ukarabati. Nchini Kenya mgao ni Sh1,420 za Kenya kwa mwanafunzi, na humo humo zitoke vitabu, bili ya stima, mlinzi wa zile nondo, na betri ya kishikwambi iliyofura. Mwalimu mkuu akiletewa ankara mbili, ya umeme na ya fundi wa vishikwambi, atalipa ya umeme.

Ndiyo maana bajeti ya TEHAMA ya shule inafaa kusomwa kwa kuanzia chini kwenda juu. Juu kuna idadi ya vifaa, ambayo huwa nono na yenye kupendeza. Chini kabisa, kama imeandikwa, kuna mistari midogo: siku za mafunzo kwa mwalimu mmoja kwa mwaka, mshahara wa fundi wa wilaya au kaunti ndogo, betri, bando, na fidia ya kifaa kilichopasuka ili mwalimu asiogope kukitoa kabatini. Hofu hiyo si ya kubuni. Vishikwambi vilipoanza kuibwa katika shule za Kenya, walimu wakuu walionywa kwamba watawajibika. Mtu anayeweza kudaiwa kwa kioo kilichovunjwa na mtoto wa miaka saba ana kila sababu ya kuhakikisha kioo hicho hakiguswi.

Watoto walioingia Darasa la Kwanza mwaka 2016, vishikwambi vilipoanza kufika katika zile shule 150, walifika Darasa la Nane mwaka 2023. Wakati huo mfumo wa 8-4-4 ulikuwa ukifungwa nyuma yao, darasa baada ya darasa, na wao wakawa kundi la mwisho kabisa kufanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Waliufanya kuanzia Oktoba 30 hadi Novemba 1, zaidi ya watoto milioni 1.4, kwa penseli na karatasi. Wakaingia Kidato cha Kwanza 2024, na mwaka 2027 watafanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Baadhi yao watachagua ualimu. Vyuo watakavyoingia viliacha kutoa cheti cha ualimu cha P1 na kuanza stashahada mwaka 2021, na ndani ya stashahada hiyo TEHAMA ni somo la kila mwanachuo. Wakimaliza, watarudi katika shule zilezile, na mwalimu mkuu atawakabidhi funguo.